Jina la Mwanakheri kwenye Simu ya Wino

Siku ya arobaini, wakubwa wa mtandao hufuta jina la marehemu kwenye simu zote za wino, zenye kioo kinachoandika kwa wino, eti wafiwa wasonge mbele. Mzee Shebughe, aliyefiwa na mkewe Mwanakheri, alinuna. “Wao wake zao bado wanawapikia, watajua nini?”

Akampelekea simu yake shemeji yake Zamda, fundi simu, amwekee ukurasa mwingine wa mwanzo, usiowatii wakubwa.

“Tuweke nini hapa, shemeji? Saa? Hali ya hewa?”

“Dada yako. Basi.”

Wino ukajikusanya polepole kama ukungu, jina la Mwanakheri likatua katikati ya kioo. Shebughe akalipapasa.

Zamda alikuwa akiitazama simu yake mwenyewe. “Shemeji, jina lako kwangu linafifia. Kwa kutowatii, wameshakuhesabu na wafu.”

“Waache wahesabu,” alisema Shebughe, bila kuinua macho.