Makalio Sakafuni

Miguu ilikuwa imepangwa ukutani, kumi na mmoja, kila mmoja na kiatu chake. Wenyewe walikuwa sakafuni katikati ya ukumbi wa Kaloleni, wakijisukuma kwa mikono kuufuata mpira.

Mguu wa Luseno ulikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Mama yake, Asenath, aliujua kwa soksi ya kijani aliyouvika mwenyewe, mtu asije akauchukua.

Asenath alikuwa amepata kiti kibaya safu ya pili, bakuli la githeri ya Luseno mapajani. Mama wa mbele alikuwa amejifunga kilemba kikubwa kama sufuria ya harusi, kikamfichia mstari wa nyuma wote, na huko ndiko mwanawe alikocheza. Alinyoosha shingo, akajisogeza kushoto, akajisogeza kulia, akakata tamaa. Angalau alisikia.

"Makalio sakafuni!" kocha Celine alipaza sauti. "Makalio sakafuni, vijana!"

Hiyo ndiyo sheria ya voliboli ya kuketi. Unapoupiga mpira, makalio yawe sakafuni. Ukinyanyuka hata upana wa kidole, filimbi inalia na pointi inakwenda kwa wapinzani wako. Timu ya taifa ilikuwa imebakiza nafasi moja, nayo iligombewa na wawili: Luseno, na Wabwire wa Komarock aliyekuwa ng'ambo ya wavu. Asubuhi Celine aliwaambia bila kuzungukazunguka: mnapiga sawa, mnapokea sawa, kwa hiyo atakayenyanyuka leo ndiye atakayebaki Nairobi.

Luseno hakutishika. Mwaka mzima hakuwa amepigiwa filimbi. Alijizoeza chumbani kwao Mukuru kwa Reuben, amekalia ukurasa wa gazeti, Asenath ameshika ncha yake.

"Nikivuta likatoka, leo hakuna chai," Asenath alikuwa akimwambia.

Chai ilinywewa kila siku.

Shida haikuwa mpira. Shida ilikuwa mgeni wa heshima.

Ilitangazwa kwamba jezi zitaletwa na Bwana Mumo, meneja wa kiwanda cha plastiki ambako Asenath alifanya kibarua miaka kumi na tisa na Luseno miaka miwili. Mumo ndiye aliyemwamuru Luseno atoe plastiki iliyokwama bila kuzima mashine, maana mashine ikizimwa, oda inachelewa. Oda haikuchelewa. Mguu ndio uliobaki ndani. Mumo akaja hospitali na blanketi moja na pakiti mbili za unga, akapigwa picha, akaenda zake.

Kile kiwanda kilikuwa na desturi yake. Vibarua walikula chakula cha mchana sakafuni, nyuma ya stoo, sahani mapajani. Mumo akitokea mlangoni, wote walisimama na sahani zao mikononi. Hakuna aliyewahi kuamriwa. Ila aliyechelewa kusimama, kesho yake langoni jina lake halikuitwa.

Ndiyo maana asubuhi ile, akijifunga mguu, Luseno alisema, "Mathe, huyo msee akiingia, usisimame."

"Nimsimamie nani? Kwani yeye ni wimbo wa taifa?"

"Niahidi."

"Wewe ndiye wa kuniahidi mimi. Haya makalio yangu ni mazito, hayaendi popote."

Walicheka hadi jirani akagonga bati.

Sasa ilikuwa seti ya tano, kumi na nne kwa kumi na tatu, timu ya Luseno mbele. Ilibaki pointi moja. Mwenzake akaupokea mpira, akauinua juu, ukaelea vizuri kuelekea nyuma.

Mlango ukafunguka. Suti ya kijivu, miwani, na nyuma yake watu wawili wamebeba mifuko ya jezi.

Asenath alilishika bakuli kwa mikono miwili. Hakutaka kumwona. Aliyakaza macho uwanjani, na hapo hapo akauona mstari wa nyuma wote, mweupe, kutoka kona hadi kona, na Luseno juu yake, mkono hewani, uso umegeukia huku waliko watazamaji.

Filimbi.

Mwamuzi akatoa ishara. Amenyanyuka, tena si upana wa kidole, upana wa kiganja.

Ukumbi ukaguna. Ng'ambo ya wavu Wabwire akajifunika uso kwa furaha. Celine akatikisa kichwa, akaandika kitu kwenye daftari lake, akalifunga.

Hasira ikampanda Asenath. Mwaka mzima wa magazeti! Mwaka mzima, kisha mtu anafungua mlango tu, na mtoto aliyemzaa yeye ananyanyuka kama kibarua nyuma ya stoo.

"Huu ujinga utakutoka lini?" alifoka, bila kujali nani anasikia. "Mguu amekula, na bado unamsimamia!"

Luseno hakuwa akimtazama Mumo. Hakuwa amemtazama hata mara moja. Aliketi pale mstarini, macho kwa mama yake, akishusha kiganja hewani polepole, tena na tena, kama mtu anayembembeleza mtoto alale.

Mtu akamgusa Asenath begani kutoka nyuma.

"Mama, keti basi na hilo bakuli lako. Mgeni mwenyewe ameshaketi, ni wewe tu unatuziba."