Viatu Vyeupe Ukumbini

Sindano ilipogusa santuri, mzee Mhofu aliacha kuvutavuta pindo la blanketi. Shuvai, mkewe, akaweka bakuli la uji wa karanga sakafuni, akangoja.

Magitaa mawili, kisha sauti ya mwanamume akimsihi msichana asipande basi la asubuhi. Wimbo wenyewe ulikuwa mfupi, umekwaruzika katikati, lakini ndio pekee uliokuwa ukimrudishia mzee kumbukumbu.

"Leo tena?" Mama Tapera, jirani, alichungulia dirishani na kapu lake la mboga. "Mwenzangu, mtaa mzima wa Sakubva tumeshaukariri. Hata kuku wangu hawatagi mpaka wausikie!"

"Kesho utapumzika, mama. Anaondoka."

Jirani akaacha kucheka, akaenda zake. Gari la kumpeleka mgonjwa Harare lingefika alfajiri, na daktari alishasema wazi kwamba huenda asirudi.

Miezi minne sasa Mhofu hakuwa amemwita mtu yeyote kwa jina. Mkewe aliitwa "wewe", mara "mama", mara "nesi". Shuvai hakutaka makubwa. Alitaka kusikia jina lake kinywani mwa mumewe, mara moja tu, kabla gari halijaja. Baada ya miaka arobaini na mitatu ya kumpikia na kumfulia, alitaka hilo tu, na lilimuuma kulitaka.

"Ukumbi ule," Mhofu akaanza, macho yamemng'aa. "Jumapili mchana. Ulivaa gauni la manjano."

"La manjano, Mhofu."

Gauni lilikuwa bado sandukuni. Zamani Shuvai alilijaribu mara moja, likambana mabegani, akalikunja.

"Ukavua viatu ili ucheze."

"Vyeupe. Kimoja kilikuwa kimelegea kisigino."

"Eeh! Nikakukanyaga kidole!" Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Ukanitukana mbele za watu. Nikasema moyoni, huyu ndiye."

Shuvai naye akacheka. Aliipenda hadithi hii, na kila iliposimuliwa aliishia kulitazama sanduku. Alimfuta mate kidevuni, akamsogelea.

"Unanijua mimi ni nani, Mhofu?"

Mzee akamtazama kwa muda mrefu. Midomo ikacheza, ikitafuta. Wimbo ulikuwa unaelekea ukingoni. Shuvai akamshika mkono.

"Shuvai," akasema Mhofu.

Machozi yakamtoka mama wa watu, asijue hata ayafute na nini. "Abee," akasema. "Abee, baba."

"Shuvai," mzee akarudia, akitazama mlangoni. "Yule mdogo wako. Aliyekuwa akikushikia viatu. Hivi alipata mume?"

Shuvai akajifuta machozi kwa pindo la blanketi.

"Alipewa mgane," akasema. "Mume wa dada yake."

"Masikini mtoto." Mhofu akampapasa kiganja. "Na huyo mgane, alikuja kumpenda?"