Msomaji Bora wa Dutwa

"Kamba ya shingoni ni ya ndama, mayu," alisema Mzee Mboje, akakivua kitambulisho kwa mara ya tatu.

Perpetua, mkutubi wa Dutwa aliyezoea kuitwa 'mayu', yaani mama kwa Kisukuma, akamvika tena. Hakuwa na muda wa kubishana. Ukumbi ulikuwa umejaa wakutubi, watunza nyaraka na watu wa makumbusho kutoka kila kona ya nchi, wamekuja Bariadi siku mbili nzima kuelezana jinsi watu wasivyosoma siku hizi. Yeye alikuja na mtu anayesoma. Tena alimleta mzimamzima, ndani ya koti alilovaa siku ya kumwoza binti yake na kandambili mpya.

Na ilibidi amlete. Wiki mbili nyuma, bosi wake, Bwana Raymond, alimpigia simu kwamba chumba cha maktaba cha Dutwa kinafungwa, viti vya plastiki vya idara vipate pa kukaa. Perpetua aliomba, akalia, akaomba tena. Chumba kile alikipaka rangi kwa mikono yake, na alikipenda kuliko nyumba aliyopanga. Mwishowe bosi akalegea kidogo.

"Niletee kwenye mkutano mtu mmoja tu ambaye hicho chumba kimembadilishia maisha. Mmoja, Perpetua. Ukimkosa, Jumatatu nataka funguo."

Mmoja? Perpetua nusura acheke. Alikuwa na Mzee Mboje, mkulima wa pamba, aliyeandikwa kwenye daftari la maktaba mara tisini na mbili kwa misimu miwili.

Zamu yake ilipofika, alipanda jukwaani.

"Ndugu washiriki, mara ya kwanza mzee huyu aliingia akiwa ameacha baiskeli nje na gunia la pamba juu yake. Hakuangalia majina ya vitabu. Alikuwa ananyanyua kimoja kimoja, anakishika mkononi, anafumba macho. Mimi nina shahada ya ukutubi, lakini sijawahi kuona kitabu kikipewa heshima ile."

Watu wakapiga makofi. Mzee Mboje, kiti cha mbele, akainama kwa haya.

"Nikampa hadithi fupi, akanirudishia. Akasema, 'Hiki bado kitoto, mayu, nipe cha watu wazima.' Nikamtolea ensaiklopidia. Nikamtolea kamusi, na kitabu cha sheria. Baada ya hapo akaniletea majirani watatu, wote wakajiandikisha. Kila mmoja anachukua viwili, ndiyo ruhusa yetu. Na ni vilevile vinane kila safari! Nani humu ndani ameirudia ensaiklopidia?"

Hakunyoosha mtu mkono. Mama mmoja wa makumbusho alikuwa anaandika mbiombio.

Perpetua akachangamka, mvua ya makofi imemlewesha. Akasimulia jinsi mwanafunzi mmoja alivyochana kurasa chache za kamusi, na Mzee Mboje akamfuata mpaka kwao, kurasa zikarudi, zikabandikwa kwa gundi mzee amesimama pale pale. Akasimulia kwamba wazee hawa wanasoma msimu wa kuuza pamba, wakati mkulima mwingine hana hata nafasi ya kujikuna.

"Na ni waaminifu," akamalizia. "Wanachukua asubuhi, jioni vitabu vyangu vimerudi."

Hapo Bwana Raymond, meza kuu, akaweka kalamu chini.

"Jioni hiyohiyo?"

"Ndiyo, bosi."

"Ensaiklopidia?"

Perpetua akahesabu saa kichwani. Kweli bwana, jioni hiyohiyo. Miaka miwili hakuwahi kumuuliza mzee hata swali moja juu ya alichosoma. Kwao Rombo mzee hatahiniwi, na yeye alifurahi mno kupata msomaji hata akaona kumuuliza ni kumkosea adabu. Sasa alitamani sakafu immeze. Aliviona viti vya plastiki vikipangwa mpaka darini.

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Raymond.

"Marahaba."

"Katika vitabu hivyo vinane, kipi umekipenda zaidi?"

Mzee Mboje akasimama. Akawasalimu kwanza watu wote, "Mwangaluka," nao wenyeji wakamwitikia. Akafikiri.

"Vyote, mkubwa. Kikikosekana kimoja, hakuna kitu."

Minong'ono ya sifa ikapita. Yule mama wa makumbusho akapigia mstari alichoandika. Perpetua akathubutu kupumua.

"Basi vimekufundisha nini?" Bwana Raymond hakuwa mtu wa kubanduka upesi.

"Kutoibiwa."

"Elimu ni ukombozi!" akapaza mtu nyuma, na makofi yakalipuka. Bwana Raymond akainua mkono mpaka yakaisha.

"Maneno mazuri hayo, mzee wangu. Lakini mimi nataka kujua kitabu gani, na ukurasa wa ngapi, ulikosoma habari za kutoibiwa."

Perpetua alifumba macho. Mzee Mboje alikivua kitambulisho, akakikunja vizuri, akakitia mfukoni mwa koti.

"Kurasa sizijui, mkubwa, tulichagua tu mpaka vyote vinane vikatimia kilo kumi kwenye mizani ya kupimia watoto pale zahanati. Siku ya kuuza pamba tunaviweka kwanza kwenye mizani ya mnunuzi, na akisema ni kilo nane, tunapakia magunia yetu tunarudi nyumbani."