Maneno ya Kukamulia

Jerop alikuwa ameketi kwenye kigoda kando ya ng'ombe wake, mikono ina mafuta ya kukamulia, aliposikia geti likifunguliwa. Hakugeuka. Kikohozi kilichofuata alikijua. Ni dada yake kutoka Moi's Bridge, yule aliyemzika mama yao bila hata kumpigia Jerop simu.

Ng'ombe naye akasikia mgeni, akabana maziwa.

Tangu mazishi hayo Jerop alikuwa hapati usingizi, na presha ilikuwa imempanda. Mshauri wa kliniki mjini alimwambia ajizoeze kusamehe: ayatamke maneno ya msamaha kila asubuhi, hata kama moyo haujakubali. Aliona haya kuongea na ukuta, basi akawa anamwambia ng'ombe. Ng'ombe akayazoea, hata siku hizi haachilii maziwa mpaka ayasikie.

"Jerop," dada yake akaita. "Ni mimi."

Jerop akavuta chuchu, hakuna kitu. Akavuta tena. Ndoo ilikuwa kavu, na maziwa yalikuwa ya chai ya watoto. Akaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe, penye joto.

"Nimekusamehe," akamwambia ng'ombe, kama kila asubuhi. "Nimekusamehe, dada yangu."

Maziwa yakashuka kwa nguvu, yakaipiga ndoo.

Nyuma yake, dada yake akaketi papo hapo kwenye matope, akaanza kulia.

Jerop akafungua mdomo amwambie kwamba alikuwa anaongea na ng'ombe. Maneno hayo ndiyo yaliyokataa kutoka.