Mkeka wa Hatua Arobaini

Zamani za wanyama kukaribisha wakwe kwa mikeka, Ngiri alipata habari kwamba mama mkwe yuko njiani. Akabeba mizigo miwili ya ukindu mpaka kwa Nungunungu, fundi ambaye hajawahi kununua sindano maishani mwake.

"Nataka mkeka wa mraba kama wa Digidigi," alisema Ngiri, "ila kila upande uwe mara mbili."

"Wa Digidigi ulikula mzigo mmoja. Wako utakula minne."

"Minne? Ule nimeuzunguka kwa kwato zangu hizi, hatua ishirini. Wangu utakuwa arobaini. Mara mbili, mizigo miwili. Mwizi mkubwa we!"

"Mzunguko ni mara mbili, Bwana Ngiri, lakini ndani yake inaenea mikeka minne ya Digidigi."

"Wewe shona!"

Nungunungu akachomoa mwiba mgongoni, akashona kuanzia ukingoni kwenda ndani mpaka ukindu ukamwishia.

Siku ya ugeni, wakwe walijipanga ukingoni pande zote. Ngiri, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba, akaenda kukaa katikati. Puu! Vumbi likatimka.

"Mbona umekaa chini, mkwe wangu?" aliuliza mama mkwe.

"Mama, mkeka huu una hatua arobaini!"

"Hatua tumeziona, baba. Mkeka uko wapi?"

Ndiyo maana mpaka leo Ngiri akikimbia husimamisha mkia, usije ukagusa tena vumbi mbele ya wakwe.