Takataka Nyekundu za Chengo

Nilikuwepo, nimejibanza nyuma ya kisiki, kwa hiyo asinibishie mtu.

Sisimizi wa bonde la Umba walikuwa wakichimba nyumba, na kila siku walikumbana na mawe madogo ya garneti, vito vyekundu. Kule chini gizani waliyaona takataka tu. Amri ilikuwa yakatupwe mbali, lakini Chengo, mvivu kuliko wote, aliyamwaga palepale mlangoni.

Malkia akamjia juu. "Unataka kutuzibia mlango, tufe na mayai yetu?"

"Nitayaondoa kesho, Mama. Miguu inaniuma yote sita."

"Kesho utahama hapa."

Alfajiri Chengo akatoka na kifurushi chake, akamkuta Muhanga mlangoni, ulimi nje. Muhanga akila nyumba ya sisimizi, habakizi hata yai.

"Umeamka, kitafunio?"

Papo hapo jua likachomoza, likaliangukia lile lundo. Kila jiwe likawaka kwa ndani kama kaa linalopulizwa, hadi pua ya Muhanga ikawa nyekundu. Chengo akasahau kwamba anakaribia kuliwa. Mwaka mzima alikuwa akikokota vitu hivi huku akivitukana.

"Huo ni moto?" Muhanga akauliza, akirudisha ulimi.

"Onja," Chengo akanong'ona. Hata yeye hakuwa na hakika.

Muhanga hakuonja. Alirudi kinyumenyume, kisha akatimua mbio.

Malkia akatoka, akalitazama lundo, kisha vumbi la Muhanga kwa mbali. Akasema, "Ahsante, Chengo. Yamwage yote hapa."

Haya yote ni kweli tupu, ila hiyo "ahsante" nimeitia mimi.