Popote Ila Hospitali

Fundi Randa alikuwa amekaa ndani ya beseni la maji ya moto, jasho likimtiririka, akimweleza mkewe kwamba hana tatizo lolote.

"Kama huna tatizo, toka kwenye beseni langu la nguo," mkewe akasema.

Hakutoka. Asubuhi ile pale karakana, msumeno wa meza ulikuwa umebana kipande cha mbao ngumu na kukirusha nyuma kwa nguvu zote. Tumbo lilikuwepo, mapaja yalikuwepo, hata ukuta ulikuwepo. Kipande kikachagua korodani.

Mafundi wenzake walimhudumia kwa ujuzi mkubwa. Mmoja alimwambia arukeruke. Wa pili alicheka mpaka akakaa chini. Wa tatu, ambaye ni bingwa wa tiba kwa sababu shemeji yake analinda geti la zahanati, akaagiza maji ya moto na kuchua kwa mafuta. Randa alimshukuru sana, akarudi nyumbani kwa miguu, kila mguu ukienda upande wake.

Kufikia mchana uvimbe ulikuwa saizi ya chungwa, na rangi yake ya bilinganya. Alikuwa ametapika chai yote. Akasema maziwa yalikuwa mabaya.

"Twende hospitali," mkewe akasema.

"Popote ila hospitali."

"Kwa hiyo twende wapi, posta?"

"Itapoa yenyewe. Na mama yako asisikie habari hii."

"Mama yangu ni mtu mzima. Atakucheka nini?"

Randa akayatazama maji. Ndoa yao ilikuwa bado mbichi, na mtoto walikuwa hawajajaliwa. Mkewe akachuchumaa kando ya beseni, akaacha utani.

"Naogopa, mume wangu. Nataka watoto, na nawataka kwako. Hicho kitu kikiharibika, hakiuzwi dukani."

Hapo akalainika kidogo. Akakubali zahanati ya mtaani, mradi isiwe hospitali.

Tabibu wa zamu alikuwa mwanamke, tena mtu asiyemjua kabisa. Ungetegemea bwana mkubwa azimie kwa aibu. Wapi. Alishusha suruali kabla hajaulizwa anaumwa nini, akapanda kitandani kana kwamba amekuja kupimwa nguo. Tabibu akagusa kidogo tu, na Randa akawataja babu zake wote, wa kuumeni na wa kukeni.

"Nani alikuambia ukalie maji ya moto?"

"Kuna bingwa pale kazini."

"Bingwa aendelee na mbao. Mtu akipigwa hapa, maumivu ya kawaida hutulia yenyewe baada ya muda mfupi. Yako yanazidi, umevimba, damu imevujia ndani na unatapika. Korodani hii huenda imepasuka. Shika barafu, ifunge kwenye kitambaa, uiweke hapo. Vaa chupi ya kubana. Halafu uende hospitali kuu sasa hivi wakupige ultrasaundi. Ikiwa imepasuka watakupasua waishone. Ukiwahi, ina nafasi nzuri ya kupona. Ukilala nayo, kesho wataitoa."

"Hospitali nyingine hakuna?"

"Ipo, mji wa pili. Utaondoka hapa na mbili, utafika na moja."

Randa alifikiria. Naam, alifikiria, kama mtu anayechagua rangi ya kabati.

"Nitakwenda hiyo ya mji wa pili," akasema.

Tabibu akamtazama mke. Mke akatazama dari.

"Ni upuuzi wake tu, daktari," akasema. "Namjua."

Ndio wanaume wetu hao. Anabeba gogo begani peke yake, anang'oa misumari kwa meno mbele za watu, lakini mtajie chumba cha upasuaji anakumbuka kwamba ana safari. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na kwa huyu hawakuwa wakisema kwa mafumbo.

Safari ya mji wa pili iliishia kwenye ngazi za zahanati. Maumivu yalimkata miguu, akakaa chini, akaanza kulia waziwazi, mwanamume mzima, ameshika barafu. Mkewe akamfuta uso kwa khanga. Hakumsema tena.

"Nipeleke," Randa akanong'ona. "Nipeleke tu."

Hospitali walimpokea upesi. Ultrasaundi ikaonyesha alichosema tabibu: imepasuka, lakini bado inafaa kuokolewa. Mkewe akaambiwa asubiri nje. Randa akavalishwa gauni la kijani lisilo na mgongo, akasukumwa hadi chumba cha maandalizi, akitweta.

"Nani anapasua leo?" akamuuliza muuguzi.

"Daktari bingwa tunaye mmoja tu. Shukuru Mungu yupo, mkono wake mwepesi."

"Basi nipigeni sindano ya usingizi kabla hajaingia."

"Haiwezekani, kaka. Lazima akupime kwanza ukiwa macho."

"Hata kidogo tu, nisinzie?"

Muuguzi akatikisa kichwa. Katika kazi yake alishaona waoga, lakini huyu alikuwa amewapita wote. Randa akavuta shuka, akajifunika gubigubi.

Mlango ukafunguliwa. Daktari bingwa akafika kitandani, akafunua shuka upande wa chini, akachunguza. Kisha akafunua upande wa juu.

"Shikamoo, mama mkwe," Randa akasema.

"Marahaba, baba," akajibu, akivaa glavu. "Haya, panua miguu."